Moyo ulisimama nikiwa naamshwa: je, naweza kupasuliwa tena?

Swali: Daktari, nina miaka 46. Miezi minne iliyopita nilitolewa mfuko wa nyongo kwa njia ya matundu madogo. Upasuaji wenyewe ulikwisha salama, lakini wakati wa kuamshwa mapigo ya moyo yalishuka ghafla, kisha moyo ukasimama. Walinibonyeza kifua, wakanichoma sindano, ukarudi. Nilizinduka mbavu zikiniuma. Karatasi ya kuruhusiwa inasema ilitokea dakika mbili baada ya kupewa sugamadeksi, dawa ya kuondoa ulegevu wa misuli. Vipimo vya moyo vya kesho yake vilikuwa safi. Natumia atenololi kwa ajili ya presha. Sasa natakiwa kutolewa uvimbe kwenye kizazi na silali kwa hofu. Moyo wangu ni mbovu? Nina mzio na dawa ile? Niwaambie wasinipe kabisa, wanipe ile ya zamani?

Jibu: Dada, pole sana. Mbavu zilizobonyezwa hupona kwa wiki kadhaa, hofu hukawia zaidi, kwa hiyo sitakuambia usiogope. Nitakueleza kilichopo nyuma ya karatasi yako, ili ujue lipi la kuogopa na lipi la kuliacha.

Kwa kifupi kwanza, maana najua ndicho ulichokuja kutafuta. Katika uliyoniandikia sioni dalili kwamba moyo wako ni mbovu. Mzio unawezekana, haujathibitishwa, haujaondolewa, na bado kuna njia ya kuuchunguza. Dawa ya zamani, neostigimini, si kimbilio, kwa sababu kwa upande wa moyo yenyewe ndiyo inayojulikana zaidi kwa kupunguza mapigo. Na kabla hujakataa au kukubali dawa yoyote, unahitaji karatasi ya usingizi, ile iliyojazwa dakika kwa dakika na mtaalamu aliyekulaza nusu kaputi. Karatasi ya kuruhusiwa uliyo nayo ni muhtasari tu. Jibu la swali lako limo katika ile nyingine.

Nianze na sababu ya kupewa dawa hizi, kwa kuwa wagonjwa wengi hawaelezwi kabisa kwamba walilegezwa misuli. Ili mfuko wa nyongo utolewe kwa matundu, tumbo hujazwa gesi ya kabonidioksidi, nalo halitanuki vizuri misuli yake ikiwa imekaza. Mrija wa kupumulia nao haupiti kwa urahisi kwenye koo lililobana. Kwa hiyo, pamoja na dawa ya kukulaza na ya kukuondolea maumivu, hupewa ya kulegeza misuli, na siku hizi mara nyingi huwa rokuroniamu. Neva inapotaka msuli ufanye kazi, humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo huenda kukaa kwenye kiti chake juu ya msuli. Rokuroniamu hukiwahi kiti hicho. Amri inafika, inakuta pamekaliwa. Mikono, tumbo, koo na kiwambo kinachovuta pumzi vyote hulegea, na mashine ndiyo inayokupumulia. Moyo haulegei, kwa sababu unajianzishia mapigo wenyewe na haungoji amri ya kiti kile.

Upasuaji ukiisha, ulegevu huo lazima uondoke kabisa kabla mrija haujatolewa. Hapa nakaza sauti, kwa kuwa wapo wanaosoma visa kama chako kisha wanaamua kwamba heri wasipewe dawa yoyote ya kuondoa ulegevu. Mgonjwa mmoja aliwahi kunisimulia alivyoamka hospitali nyingine akiwa bado hajaachiwa vizuri: alisikia watu wakiongea juu yake, akataka kufungua macho yakagoma, akataka kuvuta pumzi ikaja nusu. Koo lililolegea hujifunga. Mate na vilivyomo tumboni huweza kuingia mapafuni. Oksijeni hushuka, na oksijeni ikishuka sana moyo nao hupunguza mapigo hadi kusimama. Kumwacha mtu nusu amelegea ni hatari kwa moyo pia, tena hatari inayotokea mara nyingi kuliko hiyo unayoiogopa.

Njia ya kujua ulegevu umekwisha ni kipimo cha kidole gumba. Tunabandika vibandiko viwili karibu na kifundo cha mkono, tunapitisha umeme kidogo mara nne mfululizo, na mashine inapima kidole kinavyocheza. Mchezo wa nne ukifikia angalau asilimia 90 ya ule wa kwanza, mgonjwa yuko tayari. Mwongozo wa chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani wa mwaka 2023 unataka kipimo hicho kisomwe kwa mashine inayotoa namba, kwa sababu jicho la binadamu hudanganyika, hata jicho la mzoefu.

Sasa dawa zenyewe. Ile ya zamani ni neostigimini, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1931. Haimgusi rokuroniamu hata kidogo. Inachofanya ni kukizuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, ili asetilikolini ijae, iwe nyingi kuliko rokuroniamu, nayo ishinde kiti kwa wingi wake. Taabu ni kwamba asetilikolini haijai kwenye misuli tu. Neva ya vagasi huitumia kemikali hiyohiyo kuutuliza moyo. Ikijaa pale moyo unapoanzishia mapigo, mapigo hushuka; ikijaa kwenye njia inayopitisha umeme kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini, umeme huchelewa au hukwama. Kwa neostigimini, basi, kupungua kwa mapigo ni kazi ya dawa yenyewe iliyofika mahali isipotakiwa. Si ajali. Ndiyo maana haitolewi peke yake: huambatanishwa na atropini au glikopirolati, zinazozuia asetilikolini kwenye moyo bila kuigusa ile ya misuli.

Ndoa hiyo nayo ina ugomvi wake. Atropini hufika haraka kuliko neostigimini, hivyo moyo hukimbia kwanza kabla ya kutulia. Glikopirolati huenda nayo sambamba zaidi, na wengi wetu tunaipendelea kwa sababu hiyo, na pia kwa kuwa haiingii ubongoni kuwachanganya wazee. Kwa mtu mwenye mishipa ya moyo iliyoziba, moyo kukimbia si jambo dogo: msuli wa moyo hupata damu yake hasa wakati umepumzika kati ya pigo na pigo, na mapigo yakienda mbio pumziko hilo hufupika. Kipimo cha mshirika kikiwa kidogo mno au kikichelewa, mapigo yanaweza kushuka vibaya. Moyo umewahi kusimama kwa neostigimini hata ilipotolewa na mshirika wake. Imetokea pia kwa waliopandikizwa moyo, watu ambao mtu angedhani wako salama kwa vile neva ya vagasi ilikatwa; viti vya asetilikolini bado vimo ndani ya moyo mpya, na atropini wakati mwingine haiwasaidii. Tena mchanganyiko huo unaweza kurefusha muda wa moyo kujichaji upya baada ya kila pigo, jambo linalowapa shida waliozaliwa na kasoro ya muda huo kuwa mrefu kwa kuwa linaweza kuzaa mapigo ya hatari.

Sugamadeksi, ambayo huenda kwenye karatasi yako imeandikwa kwa jina la biashara Bridion, ilitokana na bahati. Wanakemia wa kampuni ya Organon huko Uskoti walikuwa wanatafuta kitu cha kuyeyushia rokuroniamu wakakuta wamepata kitu kinachoikamata. Ni pete ya sukari nane iliyo wazi katikati. Molekuli moja ya rokuroniamu huingia ndani ya pete moja, ikakaa kama mchi uliokwama kwenye kinu, na figo huvitoa vyote viwili kwenye mkojo. Haigusi asetilikolini, haigusi kimeng'enya, haina kazi kwenye vagasi. Kwa nadharia isingepaswa kuugusa moyo.

Na kwa sehemu kubwa nadharia hiyo imesimama. Uchambuzi wa mwaka 2017 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, ulikusanya majaribio 41 yenye watu 4,206, ukilinganisha dawa hizi mbili. Waliopewa sugamadeksi walikuwa na visa vichache zaidi vya mapigo kushuka kuliko waliopewa neostigimini: kwa kila watu 14 waliopewa sugamadeksi badala ya neostigimini, mmoja aliepushwa na kushuka kwa mapigo. Misuli nayo ilirudi haraka zaidi. Kwa ulegevu wa wastani, ilikuwa karibu dakika 2 dhidi ya karibu 13. Vilevile, vipimo vya mapigo kwa dozi hadi miligramu 32 kwa kilo, mara nane ya dozi kubwa ya kawaida, havikuonyesha kurefuka kwa muda wa kujichaji kunakotia wasiwasi.

Lakini visa kama chako vipo, na maelezo rasmi ya dawa yanavitaja waziwazi: mapigo kushuka sana ndani ya dakika chache baada ya sindano, na baadhi ya wagonjwa moyo kusimama. Yanataka kila anayepewa afuatiliwe moyo, na atropini itolewe mara mapigo yakishuka vibaya. Kwa hiyo waliokuhudumia hawakukutana na kitu kisichojulikana. Walikutana na kitu adimu kilichokwisha kuandikwa, wakakishughulikia inavyotakiwa.

Sasa tufike kwako. Moyo kusimama dakika mbili baada ya sugamadeksi ni tukio moja lenye njia tatu za kufikia, na njia hizo zinatoa majibu tofauti kabisa kwa upasuaji wako ujao.

Njia ya kwanza ni moyo kupunguza mwendo tu, bila mzio. Sayansi bado haijakubaliana utaratibu wake ni upi, lakini sura yake tunaijua. Nakumbuka mgonjwa mmoja, mwanamume wa makamo, aliyekuwa amemaliza kutolewa henia. Nilimchoma sugamadeksi nikatazama saa ya ukutani, kama ninavyofanya kila mara. Mashine ya oksijeni ilikuwa inalia pigo kwa pigo nyuma ya bega langu. Imepita dakika moja na kidogo, nikasikia milio inaanza kuachana. 64, kisha 41, kisha 29. Mlio wenyewe ulibaki kwenye sauti yake ya juu. Mashine zile hushusha sauti oksijeni inaposhuka, kwa hiyo kabla sijageuka nilishajua oksijeni ipo. Presha ya mwisho ilikuwa nzuri. Kifua kilikuwa chepesi kupumulia, ngozi haina kipele. Tukampa atropini, tukasubiri sekunde ambazo nilihisi hazipiti, na milio ikarudi kufuatana. Baada ya hapo hakuhitaji kitu kingine. Angechelewa kupewa, huenda angefika ulipofika wewe.

Njia ya pili ni mzio mkali. Huu ndio ulioichelewesha dawa hii Marekani: Ulaya waliipitisha mwaka 2008, Marekani wakaikataa mwaka huohuo kwa wasiwasi wa mzio, wakaikubali Desemba 2015 baada ya tafiti zaidi. Katika jaribio moja kwa watu wenye afya 299 waliopewa dawa hii, mmoja alipata mzio mkali, naye alikuwa kwenye kundi la dozi kubwa ya miligramu 16 kwa kilo, ambayo ni ya dharura na huenda wewe hukuipata. Katika hospitali moja ya Japani, nchi inayoitumia sana dawa hii, walihesabu wagonjwa 6 kati ya 15,479, matokeo yaliyochapishwa 2018. Kwa sehemu kubwa mzio huu hujitokeza ndani ya dakika tano za mwanzo, kwa hiyo dakika mbili zako zinaingia humo pia. Saa peke yake haiwezi kutuamulia.

Kinachoamua ni mambo mengine yanayokuja pamoja nao. Katika mzio mkali presha huporomoka, mara nyingi kabla ya mapigo au zaidi yake. Mapafu hubana, mashine ikalazimika kusukuma hewa kwa nguvu zaidi. Kabonidioksidi inayotoka na pumzi hushuka ghafla. Ngozi hupata wekundu au vipele, ingawa chini ya mashuka ya upasuaji vipele huweza kupita bila kuonwa na mtu. Kwa kawaida mapigo hupanda badala ya kushuka. Kwako lakini kuna atenololi, dawa inayoushika moyo usikimbie. Mtu anayeitumia anaweza kupata mzio mkali bila moyo kwenda mbio, tena adrenalini ikafanya kazi kwa uzito, hadi wakati mwingine tunalazimika kumpa glukagoni, homoni inayouamsha moyo kwa njia nyingine. Hapa ndipo kisa chako kinapokuwa kigumu, na ndiyo sababu sikubali daktari yeyote akuambie kwa uhakika, kwa kusoma mstari mmoja, kwamba ulikuwa mzio au haukuwa.

Ndani ya njia hii ya pili mna kijia chembamba kinachostahili kutajwa kwa kuwa kinaumiza moyo wenyewe. Kinaitwa ugonjwa wa Kounis, kwa jina la daktari wa Ugiriki aliyeueleza mwaka 1991. Seli za mzio humwaga kemikali zinazoweza kuibana mishipa inayolisha moyo, au kupasua utando wa mafuta uliokuwemo, na mgonjwa akapata shambulio la moyo katikati ya mzio. Umeripotiwa baada ya sugamadeksi, ingawa kwa nadra sana. Ungekuwa umepita huko, ningetarajia kipimo cha umeme wa moyo na kile cha troponini, protini inayovuja kwenye damu msuli wa moyo ukiumia, vionyeshe alama. Umesema vya kesho yake vilikuwa safi. Hilo linanitoa wasiwasi mwingi, mradi troponini ilikuwa miongoni mwake. Uliza.

Njia ya tatu ni kwamba sugamadeksi ilikuwepo tu jambo lilipotokea. Dakika za kuamsha mgonjwa zimejaa vitu vinavyoushusha moyo: mrija wa kunyonya mate unaogusa nyuma ya koo, mrija wa kupumulia unaovutwa, dawa kali za maumivu zilizobaki mwilini, gesi inayotanua au kuachia tumbo, oksijeni inayoyumba. Kila kimoja huamsha vagasi au huupunguzia moyo mwendo kwa njia yake. Kwa mtu ambaye mapigo yake tayari yamebanwa na atenololi, viwili vikikutana vinatosha. Nimeona karatasi ambazo dawa ilibebeshwa lawama huku mstari wa juu yake unaonyesha mate yalinyonywa sekunde ileile.

Basi nenda hospitali ile, au mtume mtu, uombe nakala ya karatasi ya usingizi. Una haki nayo. Sihitaji uielewe, mpe daktari wa usingizi atakayekuhudumia, naye atatafuta haya: presha ilikuwaje kabla mapigo hayajashuka na baada ya kurudi, kifua kilibana au la, kabonidioksidi ilikuwa ngapi, sugamadeksi ilitolewa dozi gani kwa uzito wako, nini kingine kilifanyika dakika hizo, na ulichomwa sindano ngapi na zipi. Hilo la mwisho lina uzito mkubwa. Kama ilikuwa atropini na adrenalini mara moja, presha ikasimama vizuri ndani ya dakika chache na ukapelekwa wodini kama wengine, picha inaelekea njia ya kwanza au ya tatu. Kama ulihitaji adrenalini mara kwa mara, dripu nyingi na kulazwa chumba cha uangalizi maalumu, mzio unasogea mbele.

Uliza pia kama walichukua damu ya triptasi siku ile. Ni kemikali inayomwagwa na seli za mzio, na hupimwa vizuri zaidi saa moja au mbili baada ya tukio, kisha tena baada ya angalau siku moja, ili kulinganisha. Kama ya siku ile ipo, ni hazina. Kama haipo, pima ya sasa hata hivyo, kwa kuwa ikiwa juu wakati uko mzima inaashiria seli za mzio zilizozidi, jambo ambalo kila daktari wa usingizi angetaka kulijua. Kisha omba upelekwe kwa mtaalamu wa mzio ufanyiwe vipimo vya ngozi. Vipimo hivyo hufanywa vizuri kuanzia wiki nne hadi sita baada ya tukio, kwa hiyo miezi minne si kuchelewa. Wasipime sugamadeksi peke yake. Wapime rokuroniamu, na wapime zote mbili zikiwa zimechanganywa, kwa sababu wapo watu wachache ambao mwili wao haugombani na pete wala na mchi, unagombana na vyote viwili vikiwa pamoja. Wapime pia vitu vingine vyote ulivyopewa karibu na dakika zile. Mwambie mtaalamu kuhusu atenololi kabla hajaanza, na usimeze dawa za mafua au za kuzuia muwasho siku za karibu na kipimo bila kumuuliza, maana huficha matokeo.

Atenololi yenyewe usiiache. Najua unaweza kushawishika, kwa kuwa imetajwa mara nyingi humu kama mshukiwa. Kuikata ghafla kunaweza kurudisha presha kwa kishindo na kuupa moyo taabu kubwa kuliko tunayojaribu kuikwepa. Wanaoitumia siku zote kwa kawaida huendelea nayo hadi asubuhi ya upasuaji. Daktari akiona mapigo yako ya kawaida yako chini mno, yeye ndiye atakayepunguza au kubadilisha, mapema, si jana yake.

Kuhusu moyo, kipimo cha umeme wa moyo ukiwa umetulia kinatosha kuanza nacho. Kama uliwahi kuzimia, kuona kizunguzungu bila sababu, au mapigo yako huwa chini hata siku ulizosahau dawa, omba mashine ndogo ya kuvaa saa 24. Inawezekana njia ya umeme ya moyo wako ilikuwa dhaifu tangu mwanzo na siku ile ikafichuka tu. Kama huna historia hiyo, sioni haja ya kukuzungusha kwenye vipimo vingi.

Upasuaji wa kizazi sasa. Kuna namna zaidi ya moja, na hii ndiyo habari njema kwako. Ikiwa vipimo vitaonyesha mzio wa sugamadeksi, dawa hiyo inakatazwa kwako maisha yote, na unaandikiwa hivyo. Hapo unaweza kulegezwa kwa sisatrakuriamu, ambayo huvunjika yenyewe mwilini, kisha ikamaliziwa na neostigimini pamoja na glikopirolati, au kusubiriwa iishe huku kidole gumba kikipimwa. Ikiwa uvimbe utatolewa kwa kufungua tumbo, pengine sindano ya mgongoni inatosha na misuli haitahitaji kulegezwa kwa dawa hizi kabisa. Nakukumbusha tu kwamba ganzi ya mgongoni ikipanda juu nayo hupunguza mapigo, hasa kwa anayetumia atenololi, kwa hiyo haikutoi kwenye uangalizi.

Ikiwa mzio haupo, mimi binafsi nisingeikataa sugamadeksi. Wenzangu wengine wangeikwepa, na siwalaumu. Ningeitoa baada ya kidole gumba kupimwa, kwa dozi inayotosha tu: miligramu 2 kwa kilo misuli ikiwa imeanza kurudi, 4 ikiwa bado imelala sana. Ningehakikisha mate yameshanyonywa na gesi imeshatoka kabla, ili dakika zile zibaki na jambo moja peke yake. Atropini ingekuwa imevutwa kwenye bomba la sindano, adrenalini iko karibu, vibandiko vya moyo vimeachwa kifuani hadi chumba cha kuamkia. Na nisingegeuka kuandika karatasi kabla dakika tano hazijapita.

Kuna jambo jingine ambalo huenda hukuambiwa mara ya kwanza. Sugamadeksi hunasa pia homoni ya projesteroni, si rokuroniamu peke yake. Kama unatumia vidonge, kijiti, sindano au kitanzi chenye homoni, siku 7 baada ya kupewa dawa hii unatakiwa utumie kinga nyingine ya ziada isiyo ya homoni.

Siku ya kuonana na daktari wa usingizi usingoje akuulize. Mwambie mwanzoni kabisa: "Moyo wangu ulisimama dakika mbili baada ya sugamadeksi, natumia atenololi, na nakala ya karatasi hii hapa." Kama karatasi itakuwa haijapatikana, na upasuaji wa uvimbe si wa haraka, omba uahirishwe wiki chache hadi karatasi na majibu ya mzio viwe mezani. Ukianza kutoka damu nyingi ikawa upasuaji hauwezi kusubiri, wakufanyie kana kwamba una mzio na sugamadeksi, kwa njia zile nilizotaja hapo juu.